Namba 42: subira ya Jackie Robinson na deni letu sisi wakubwa

Kila mwezi wa Machi ukielekea ukingoni, simu yangu huanza kulia usiku wa manane. Aliye upande wa pili ni binamu yangu, mtoto wa mjomba, aliyehamia jimbo la Ohio kule Marekani miaka mingi sasa. Ananikumbusha kwamba msimu mpya wa besiboli uko mlangoni. Yeye ni shabiki wa Cleveland kufa kupona, na kila mwaka kabla ligi haijafunguliwa hunitumia maswali ya chemsha bongo nikawatahini wenzangu.

Wenzangu ni watu wa Pwani waliotawanywa na riziki kama mimi. Tuko Makongeni, hapa Thika, wengine viwandani, wengine madukani, mimi na stashahada yangu ya uhasibu nahesabu magunia ya watu. Baada ya isha tunakaa nje ya duka, kahawa tungu na kashata, tukaongea mpira. Aghalabu ni habari za Bandari, Gor Mahia na Arsenal. Besiboli nimeileta mimi, na mwanzo walinicheka sana. Siku hizi ikifika Machi wao wenyewe ndio wanaouliza kama maswali yamekuja.

Mwaka huu swali lilikuwa hili: kwa nini kila tarehe 15 Aprili wachezaji wote wa ligi kuu ya Marekani, wa timu zote, huvaa jezi zenye namba moja, 42? Mmoja akasema labda kuna kampuni inatangaza biashara yake. Mwingine akasema ni umri wa rais fulani. Nikawaambia ni deni la mtu mmoja aliyekufa zamani, na deni lenyewe halilipiki kwa jezi.

Usiku ule alikuwapo pia mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka 16. Mama yake alikuwa amenikabidhi nizungumze naye. Anacheza winga katika timu ya mtaa, na mwisho wa msimu uliopita mashabiki wa timu moja walimwandama dakika zote tisini. Walilichezea jina lake, wakamwita Mwarabu, wakamwambia arudi Pwani kwao akakwee minazi. Mchezaji mmoja wa upande ule alipomwambia maneno hayo hayo usoni, kijana akampiga ngumi. Akafungiwa mechi tatu. Waliomtukana hawakuguswa. Sasa msimu mpya unaanza Jumamosi, adhabu imekwisha, na dada anaogopa kwamba ngumi ya pili itakuwa mwisho wa mpira wa mwanawe. Kwa hiyo hadithi ya namba 42 niliisimulia kwa baraza zima, lakini sikio nililolikusudia lilikuwa moja.

Kwa asiyeujua mchezo, nieleze kwa ufupi. Upande mmoja una mrushaji, upande wa pili una mpigaji mwenye gongo. Akiupiga mpira vizuri anakimbia kuzunguka vituo vinne, wenyewe wanaviita besi, na akirudi salama mahali alipoanzia timu yake inapata pointi. Mwenye mbio na ujanja anaweza kuiba kituo, yaani kukimbilia cha mbele wakati mrushaji hajajitayarisha. Kuiba kituo cha mwisho, kile cha nyumbani, ni jambo la nadra kwa sababu mdakaji amekaa pale pale anakusubiri. Bwana wetu wa leo alifanya hivyo mara 19 katika maisha yake ya ligi kuu.

Jina lake kamili ni Jack Roosevelt Robinson. Alizaliwa tarehe 31 Januari 1919 katika mji mdogo uitwao Cairo. Msichanganye na Misri. Cairo hii iko jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, mahali ambapo mtu mweusi wakati ule alilima shamba la mzungu kwa kugawana mavuno na kila mwaka akabaki na deni. Bibi na babu za watu wale walikuwa watumwa. Jina la kati alipewa kwa heshima ya Theodore Roosevelt, aliyewahi kuwa rais wa nchi ile na aliyefariki siku 25 tu kabla mtoto hajazaliwa.

Hapo barazani walishtuka nilipowaambia kwamba Roosevelt huyo alipita kwetu. Aprili 1909 aliteremka melini Mombasa akapanda gari la moshi kuja bara kuwinda. Mojawapo ya mahali alipokaribishwa ni shamba la Juja la tajiri mmoja Mmarekani, William Northrup McMillan, si mbali na hapa tulipokaa. Kilima Mbogo mnachokiona asubuhi pasipo ukungu, McMillan amezikwa huko. Shikeni jina la McMillan, tutalihitaji mbele.

Baba yake Robinson aliiacha nyumba mtoto angali mchanga. Mama, Mallie, akawachukua watoto wake watano mwaka 1920 akahamia nao Pasadena, California. Alifua na kupiga deki majumbani mwa watu mpaka akapata nyumba katika mtaa ambao majirani wote walikuwa wazungu. Majirani walitaka kumtoa. Hakutoka. Watoto wakakulia hapo.

Wote walikuwa wana michezo. Kaka mkubwa, Mack, alishinda medali ya fedha katika mbio za mita 200 kwenye Olimpiki ya Berlin mwaka 1936, nyuma ya Jesse Owens. Mwenye medali ile alirudi Pasadena, na kazi aliyoipata ilikuwa kufagia barabara. Mdogo wake aliyaona hayo kwa macho yake, na nadhani hakuyasahau. Yeye Jackie aliingia chuo kikuu cha UCLA akawa mwanafunzi wa kwanza wa chuo kile kutunukiwa nishani za michezo minne: kandanda ya Kimarekani, mpira wa kikapu, riadha na besiboli. Ajabu ni kwamba katika minne hiyo, besiboli ndiyo aliyoicheza vibaya zaidi chuoni. Aliondoka mwaka 1941 bila kumaliza shahada kwa sababu alitaka kumsaidia mama.

Vita vikaja, akaingizwa jeshini mwaka 1942. Askari weusi walizuiwa kozi ya uofisa hata wakifaulu mitihani. Bondia Joe Louis, bingwa wa dunia wa uzito wa juu, alikuwa kambi moja naye, akasaidia malalamiko yao yafike Washington, na Robinson akapata cheo cha luteni wa pili mwaka 1943. Julai 1944, huko Fort Hood, Texas, dereva wa basi la jeshi alimwamuru akakae nyuma kwa sababu ya rangi yake. Alikataa. Alijua kanuni za jeshi tayari zilikuwa zimekataza ubaguzi ndani ya mabasi yake. Alishtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi, na kama angehukumiwa sidhani kama leo tungekuwa tunamtaja. Aliachiwa huru mwezi uliofuata.

Hapa nilimtazama mpwa wangu. Nilitaka asikie kwamba mtu tunayekwenda kumsifu kwa subira hakuwa mnyonge. Alikuwa na hasira, na alikuwa mwepesi wa kusimama. Watu wengi wanamsimulia kama mtu mpole aliyezaliwa bila nyongo. Wanamdhulumu.

Alipotoka jeshini akacheza mwaka 1945 na Kansas City Monarchs, timu ya ligi za watu weusi. Msomaji afahamu kwamba ligi kuu ilikuwa imewafungia weusi mlango tangu miaka ya 1880. Hapakuwa na sheria iliyoandikwa. Palikuwa na makubaliano ya wenye timu, na makubaliano ya namna hiyo ni mabaya kuliko sheria kwa sababu huna karatasi ya kuipeleka mahakamani. Wachezaji wakubwa walizeeka na kufa nje ya ligi ile.

Tarehe 28 Agosti 1945 Robinson aliitwa ofisini kwa Branch Rickey, mkuu wa klabu ya Brooklyn Dodgers ya New York. Rickey alikuwa mtu wa dini na pia mtu wa biashara. Alichukia ubaguzi na alitaka kushinda. Kwa muda wa saa tatu hivi alimwigizia Robinson kila tusi atakalolisikia: la mwamuzi, la karani wa hoteli, la mchezaji atakayemkanyaga kwa viatu vya misumari. Kisha akamwambia anamtaka mtu mwenye ujasiri wa kutojibu. Angejibu mara moja tu, wapinzani wangesema hawa watu hawafai, na mlango ungefungwa miaka mingine ishirini. Robinson alikubali. Lakini ukubali wake ulikuwa wa muda. Kiasi cha miaka mitatu atanyamaza, kisha atakuwa mtu kama watu wengine.

Februari 1946 alimwoa Rachel Isum, mchumba wake tangu UCLA, aliyesomea uuguzi. Mwaka ule alicheza Montreal, Kanada, katika timu ndogo ya klabu ile, na wakachukua ubingwa. Halafu ikafika tarehe 15 Aprili 1947, uwanja wa Ebbets Field, Brooklyn, mbele ya watu zaidi ya 25,000. Robinson, umri miaka 28, akaingia uwanjani na namba 42 mgongoni. Kwa chemsha bongo: siku ile hakupata hata pigo moja safi. Alifika kituoni kwa kosa la wapinzani, akakimbia akaleta pointi, na Dodgers wakashinda 5 kwa 3. Swali jingine ambalo hata mashabiki wengi wanalikosa: mchezaji mweusi wa pili mwaka ule alikuwa nani? Ni Larry Doby, aliyeingia Julai na timu ya Cleveland. Binamu yangu hachoki kulisema hilo.

Mateso yakaanza kama alivyoahidiwa. Baadhi ya wachezaji wenzake walikuwa tayari wameandaa barua ya kumkataa. Barua za vitisho vya kumuua zilifika nyumbani. Hoteli zilimfungia mlango huku wenzake wakiingia. Timu ya Philadelphia, ikiongozwa na kocha wake Ben Chapman, ilimmiminia matusi mfululizo, na Robinson mwenyewe alikuja kukiri baadaye kwamba siku ile alikaribia kuvunja ahadi, aende akampige mtu hata kama ni mwisho wake. Hakwenda. Alijibu kwa miguu: vituo 29 aliviiba msimu ule, zaidi ya mtu yeyote katika ligi yake, na akachaguliwa mchezaji bora chipukizi, tuzo iliyotolewa kwa mara ya kwanza. Siku hizi tuzo hiyo ina jina lake.

Nilipofika hapo nilitoa mawaidha yangu. Nikamwambia kijana kwamba dini yetu imetufundisha shujaa ni yule anayeimiliki nafsi yake wakati wa ghadhabu. Nikamwambia Jumamosi afumbe mdomo, afungue miguu.

Kijana alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza swali ambalo halikuwamo katika maswali ya binamu. Aliuliza huyo Robinson alipokuwa amenyamaza, ni nani aliyekuwa akisema kwa niaba yake? Maana yeye alipotukanwa dakika tisini, mwamuzi alisikia, kamati ya ligi ilisikia, na sisi wajomba tulikuwa nyumbani tunatazama Arsenal.

Wallahi kahawa ilinikwama. Baraza zima lilinyamaza. Na nilipoipitia tena kichwani hadithi ninayoipenda, niliona kwamba nimeisimulia nusu.

Nusu ya pili ni hii. Wachezaji walipoandaa ile barua ya kumkataa, kocha wao, Leo Durocher, aliwaamsha usiku akawaambia asiyetaka kucheza na Robinson afunge virago. Philadelphia walipozidi matusi, Eddie Stanky, mzungu ambaye mwanzo hakumtaka, aliwageukia akawaambia wamtukane mtu anayeweza kuwajibu. Zilipochapishwa habari kwamba wachezaji wa St. Louis wanapanga kugoma, rais wa ligi, Ford Frick, aliweka wazi kwamba atakayegoma atafungiwa, hata ligi ikivurugika. Nahodha Pee Wee Reese, mtu wa Kentucky, anakumbukwa kwa siku aliyokwenda kusimama karibu na Robinson mbele ya umati uliokuwa ukizomea, akamwekea mkono begani. Sanamu ya wawili hao iko Brooklyn leo. Waandishi wa magazeti ya watu weusi walisafiri naye na kuandika kila tukio ili lisizikwe. Na kila usiku alirudi kwa Rachel. Subira ile ilikuwa na boma la watu kuizunguka.

Pia ilikuwa na tarehe ya mwisho. Kufika mwaka 1949 Rickey alimfungulia ulimi. Robinson akaanza kubishana na waamuzi na kumjibu kila anayemchokoza, na baadhi ya waliompenda akiwa kimya wakasema amekuwa mkorofi. Mpira wake haukuharibika. Mwaka ule ule alikuwa na wastani wa .342, akaongoza ligi kwa kupiga na kwa kuiba vituo, akachaguliwa mchezaji bora wa ligi yake. Mwaka 1955 Dodgers wakawashinda Yankees na kuchukua fainali za World Series, ubingwa pekee ambao Brooklyn iliupata. Katika mechi ya kwanza ya fainali zile Robinson, miaka 36 na mvi kichwani, aliiba kituo cha nyumbani, na mdakaji Yogi Berra aliendelea kubisha mpaka uzeeni kwamba alimgusa.

Si kila alichosema kilikuwa sawa. Mwaka 1949 alikubali kwenda mbele ya kamati ya bunge la Marekani kumpinga Paul Robeson, mwimbaji mweusi aliyekuwa akishutumiwa kwa siasa zake, na miaka mingi baadaye aliandika kwamba angejua alichokijua baadaye asingekubali. Mwaka 1960 alimuunga mkono Richard Nixon, akaja kujuta. Alikuwa binadamu.

Mwishoni mwa 1956 klabu ilimuuza kwa wapinzani wa jadi, Giants. Hakwenda. Alistaafu, akawa makamu wa rais wa kampuni ya mikahawa ya kahawa iitwayo Chock full o'Nuts, wadhifa ambao mtu mweusi alikuwa hajaupata mara nyingi katika kampuni kubwa ya Marekani. Wanabaraza walifurahi kusikia kwamba naye riziki yake ilitoka kwenye kahawa.

Na hapa ndipo tunaporudi Thika. Mtoto mmoja alizaliwa mwaka 1930 pande hizi za Kilima Mbogo, katika shamba la makonge lililokuwa la yule yule McMillan, ambako baba yake alifanya kazi. Jina lake Tom Mboya. Makonge ndiyo yaliyomo ndani ya jina la Makongeni tunapokaa. Mwaka 1959 Mboya, akiwa kiongozi wa wafanyakazi, alikwenda Marekani kutafuta nafasi za masomo kwa vijana wa Kenya, maana mkoloni alikuwa akihesabu kwa vidole wanaoruhusiwa kusoma juu. Nafasi zilipatikana, nauli ya ndege haikuwepo. Barua ya kuchangisha fedha ikatolewa Marekani kwa saini za watu watatu maarufu: mwimbaji Harry Belafonte, mwigizaji Sidney Poitier, na Jackie Robinson. Fedha zikapatikana, na Septemba 1959 ndege ikawafikisha New York wanafunzi 81. Mwaka uliofuata Robinson aliwasukuma wakubwa wa serikali waingilie kati, na mwishowe wakfu wa familia ya Kennedy ukaahidi dola 100,000. Kundi kubwa zaidi likasafiri, na ndani yake alikuwemo msichana wa Nyeri, Wangari, aliyekuja kupata tuzo ya Nobel mwaka 2004.

Mtu aliyepewa jina la mwindaji aliyekuja Juja, akamsaidia mtoto aliyezaliwa katika makonge ya mwenyeji wa mwindaji yule. Sina la kuongeza hapo zaidi ya kusema Mungu ana njia zake.

Miaka ya 1960 aliingia katika harakati kwa nguvu zote. Alizunguka kuchangisha fedha kwa chama cha haki za weusi cha NAACP, alisimama na Martin Luther King, alisaidia kuanzisha benki ya watu weusi Harlem. Mwaka 1962 aliingizwa katika jumba la mashujaa wa besiboli, mweusi wa kwanza. Agosti 1963 alikwenda katika maandamano makubwa ya Washington akimshika mkono mwanawe David, miaka 11. David huyo alipokua alihamia Tanzania, akawa mkulima wa kahawa Mbozi, kusini magharibi, akaunganisha wakulima wenzake katika ushirika, akaoa na kuzaa huko. Kwa hiyo Jackie Robinson ana wajukuu wa Kitanzania. Hilo nalo ni swali zuri la chemsha bongo, na binamu yangu hakulijua.

Lakini mwili ulikuwa umelipa. Kisukari kilimshika mapema, moyo ukaugua, macho yakaanza kufa. Mwanawe wa kwanza, Jackie mdogo, alirudi kutoka vita vya Vietnam na majeraha na uraibu wa dawa za kulevya. Alipokuwa amepona na anawasaidia wengine wapone, akafa katika ajali ya gari mwaka 1971, umri miaka 24. Tarehe 15 Oktoba 1972 Robinson aliitwa katika fainali za World Series, mjini Cincinnati, kuadhimisha miaka 25 tangu aingie. Alishukuru, kisha akasema mbele ya kamera kwamba angefurahi zaidi siku atakayoona kocha mkuu mweusi katika ligi ile. Hata pale, akiwa haoni vizuri, hakukubali sherehe iwe ndiyo malipo. Siku tisa baadaye, tarehe 24 Oktoba, alifariki nyumbani kwake Connecticut. Alikuwa na miaka 53 tu. Kocha mweusi wa kwanza, Frank Robinson, ambaye si ndugu yake, alipatikana mwaka 1975, na timu iliyompa kazi ni Cleveland. Ndiyo maana binamu yangu hatulii.

Mwaka 1997 ligi iliiondoa namba 42 kwa timu zote. Waliokuwa wakiivaa waliruhusiwa kuimalizia, na wa mwisho alikuwa Mariano Rivera wa Yankees, aliyestaafu 2013. Sasa inavaliwa na wote, siku moja tu kwa mwaka. Na Dodgers, waliohamia Los Angeles zamani, mwaka 2022 walisajili vijana wawili kutoka Uganda. Mlango aliousukuma umefika hapa jirani.

Sasa nirudi kwa mpwa wangu. Usiku ule sikuwa na jibu la kumpa. Nililala nikikumbuka pia utoto wangu Mombasa, tulivyokuwa tukiwaita wenzetu wabara kwa dharau, tukiwaiga matamshi wakipita na madaftari yao. Nami nilikuwamo katika waliocheka. Hakuna mzee hata mmoja aliyetoka barazani kutukemea.

Asubuhi nilimwambia dada kwamba ujumbe nitaubadilisha. Nimemwambia kijana kwamba bado namwomba asirushe ngumi, kwa sababu ngumi yake ndiyo wanayoitaka. Lakini nimemwambia pia kwamba ombi hilo lina muda, na kwamba muda huo ni wetu sisi kufanya kazi. Watu watano wa baraza tumetia saini barua kwa waandaaji wa ligi, tukieleza yaliyotokea na kutaka mwamuzi asimamishe mechi matusi ya kabila na dini yakianza, pande zote, hata yakitoka kwa watu wetu. Tumeipeleka kwa mkono na tumebaki na nakala. Kocha wa kijana, mtu wa Murang'a, alisema aliona haya kwamba hakufanya hivyo mwenyewe. Nahodha wao, kijana wa Kikamba, hakungoja barua ya mtu. Amesema atacheza karibu na winga wake.

Jumamosi alasiri hatutakuwa mbele ya televisheni. Tutakuwa kando ya uwanja, wazee wa kofia na thermosi ya kahawa, upande ule ule waliokaa watukanaji. Arsenal watatusamehe.

Msomaji, kama una mtoto anayecheza mbali na nyumbani, au una mtoto wa mgeni anayecheza mtaani kwako huko Kisauni, Malindi au Lamu, kabla hujamwambia asubiri, jiulize umesimama wapi wakati yeye anasubiri. Ligi ya besiboli nayo inafunguliwa wiki hii hii, saa za usiku wa manane kwetu. Mpwa wangu ameomba tuitazame pamoja mechi moja. Ameshachagua timu, na si Cleveland. Binamu bado sijamwambia.